Alilala Upande Gani?

Nimesikia kuna kijana mmoja kati yenu ambaye, wiki yake ya kwanza kazini, alitazama ini la marehemu akasema papo hapo, "Hii ni pombe." Mkubwa wake akamuuliza, "Pombe ina rangi gani?" Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaacha kucheka kwa sababu nilijikumbuka mwenyewe. Huyo kijana asiposoma maneno haya, msomeeni, hata akinuna.

Mimi nimetazama viungo vya watu waliokufa tangu ndevu zangu zilipokuwa zinaanza kuota mpaka zilipogeuka nyeupe zote. Nilianza wakati wa Mjerumani, hapa hapa Kyela, siku ambazo hata hii kakao mnayojivunia hatukuijua. Sikupita shule ya kazi hii. Nilifundishwa na watu wawili, mmoja Mzungu na mwingine baba yangu mkubwa, na wote wawili walikuwa na ukali wao. Aliyenifundisha zaidi ya hao ni mwanamke ambaye hakuwahi kushika kisu cha maiti, na huyo nitamfikia.

Yule Mzungu, Bwana Daktari, alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila alipoinama. Kiswahili alikipata pwani, na kilikuwa safi kuliko changu. Mimi Mnyakyusa, Kiswahili nilikuwa nakiokota njiani kwa askari na wapagazi. Alikuja kuchunguza homa za huku bondeni, akapiga kambi karibu na Itungi, akatafuta mtu wa kumshikia beseni. Wenzangu watatu walikwenda wakanusa wakakimbia. Mimi sikukimbia, akaniandika kazi siku hiyo hiyo akisema nina moyo wa simba. Moyo wa simba wapi! Nilikuwa na mafua.

Masika yote ya kwanza alinikataza kutaja jina la ugonjwa. Alinipa kiungo mkononi, akafungua daftari, akasema, "Sema unachoona." Nikisema, "Hii ni homa," anafunga daftari. Nikisema, "Huyu alikuwa na kichomi," anafunga daftari. Siku moja nilikasirika nikamwambia, "Bwana, hili ni pafu, limelala tu kwenye beseni, sasa unataka niseme nini?" Akajibu, "Sema hilo. Limelala. Pafu zuri halilali, linaelea." Akanikatia kipande akakitupa majini, kikazama kama jiwe. Kisha akakata cha mtu mwingine, kikaelea. Tangu hapo nilitembea na bakuli la maji kila mahali, na ninyi bakuli hilo mnalidharau kwa sababu halina umeme.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kwanza ukubwa, na unalinganisha na kitu kinachojulikana. Halafu rangi ya nje. Halafu ukingo, ni mkali au umeviringa. Halafu unabonyeza kwa kidole, kinarudi au kinabaki shimo. Halafu unakata, unatazama uso uliokatwa. Mwisho unanusa. Mkiwa wavivu mnaanza na jina la ugonjwa, mkishalitaja macho yanajifunga yenyewe, hayaoni tena kitu kingine.

Halafu niwaambie kichekesho. Wazungu hawa magonjwa wanayaita kwa majina ya chakula! Siku moja alikata tezi la mtu mwenye kifua kikuu, akaniambia, "Andika, kama jibini." Nikamuuliza jibini ni mnyama gani. Alijaribu kunieleza akashindwa, mwishowe nikamwambia, "Bwana, hii kwetu ni maziwa ya mgando yaliyokamuliwa maji yakabaki mabonge makavu." Akanitazama, akaandika hivyo hivyo. Ini la mgonjwa wa moyo yeye aliliita kungumanga, kile kiungo cha pilau ya pwani, mimi nikaliita maharage ya madoadoa, yale mekundu yenye michirizi ya njano. Alikubali. Alisema mfano mzuri ni ule ambao msikilizaji wako ameushika mkononi jana. Basi msiige vitabu bure, yaiteni magonjwa kwa vyakula vyenu.

Sasa mjue kwamba kufungua maiti hakukuletwa na Mzungu. Kwetu kulikuwepo tangu zamani. Mtu akifa kifo chenye maswali, ndugu walimwita mjuzi, akapasua kifua na tumbo kabla ya maziko, wazee wakasimama kutazama. Mjuzi wa upande wetu alikuwa Kipesile, kaka wa baba yangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa Daktari, haki ya Mungu. Alifungua mtu kwa kisu cha kumenyea ndizi bila kutoboa utumbo. Ila yeye alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, nacho ni alama. Ilisemekana wachawi humkanyaga mtu usingizini, na aliyekanyagwa huonekana ndani ana weusi mahali alipokanyagwa. Weusi ukionekana, swali linalofuata ni nani, na jibu halikukosekana hata siku moja. Zamani mtuhumiwa angenyweshwa mwafi, ile dawa ya kiapo. Boma la Wajerumani likakataza mwafi, basi watu wakawa wanafukuzwa tu.

Macho ya baba mkubwa yakaanza kuingia ukungu. Ndipo siku moja alipokufa Gwamaka, kijana wa rika langu, mkulima mwenye nguvu, wazee wakaja kambini kuniita. Walisema, "Huyu anafanya kazi na Mzungu, anaona mpaka ndani ya mfupa." Lo! Nilivimba kichwa. Nilivaa ile aproni ya Daktari bila kumwomba, nikaenda nayo kijijini huku jua linawaka, watu wanapisha njia.

Gwamaka alifia nyumbani kwa mke wake mdogo. Mke huyo alikuwa Mkisi kutoka Lyulilo, kule ziwani kwa wafinyanzi, na kila mtu alimwita Mama Subila kwa jina la binti yake wa miaka mitatu. Mgeni, wa kabila jingine, mwenye maneno machache. Mnajua watu wa namna hiyo wanavyosemwa.

Nilifungua. Baba mkubwa alisimama begani kwangu. Pafu la kushoto lilikuwa la rangi ya kawaida, la kulia lilikuwa jeusi upande mzima kama zambarau. Bandama ilikuwa kubwa mno, ikanizuia mkono, nikaisukuma kando ili nione vizuri lile pafu. Baba mkubwa akauliza, "Unaona nini?" Ningesema, "Naona pafu la kulia jeusi," nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia leo. Nilijaza kifua nikasema kwa sauti ya mtu aliyevaa aproni, "Amekanyagwa upande wa kulia."

Mdomo uliponza kichwa, lakini hapa mdomo wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Mama wa Gwamaka alipiga yowe. Jioni ile ile Malafyale, mtemi wetu, alitoa neno: yule Mkisi aondoke, mtoto abaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatolewa na mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilimwona Mama Subila akipita na mkeka wake. Subila alikuwa ameshikwa mkono na bibi yake, analia, anajinyonganyonga. Mimi nilikuwa nanawa mikono. Nilisikia vibaya kidogo, siwadanganyi, ila kidogo tu, kwa sababu watu walikuwa wananiletea kuku.

Maharage yalipandwa, yakachanua, yakavunwa. Siku moja kambini akafa mpagazi mmoja kwa kuhara damu. Mimi ndiye niliyemlaza chali kwenye machela na kumfunika. Tulipomgeuza baadaye siku ile ile, mgongo wote ulikuwa mweusi, na tulipofungua, mapafu yalikuwa meusi nyuma, meupe mbele. Nikasema kwa haraka kama kawaida yangu, "Bwana, huyu amekanyagwa mgongoni."

Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya beseni. Aliiokota, akaifuta, akaniuliza, "Alilala upande gani?"

"Chali, Bwana. Nilimlaza mimi."

"Na maji yakimwagika yanakwenda wapi?"

"Chini."

"Damu ya mtu aliyekufa nayo ni maji. Moyo hausukumi tena. Inashuka inakaa chini." Akakata kipande cha ule weusi, akakiminya ndani ya maji, damu ikatoka, nyama ikabaki na rangi yake. Akaniambia kwamba pigo la kweli haliondoki kwa maji, kwa sababu damu yake imeingia ndani ya nyama ikaganda. Hii ya kushuka inaoshwa ikaisha.

Vijana, nilikaa chini palepale udongoni. Akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote, aproni nayo nikaitaja. Hakunigombeza. Aliuliza, "Na huyo mtu wa kijijini, alilala upande gani?"

"Sijui."

"Bandama yake ilikuwaje?"

Nikafumba macho nikaiona. Nikasema, "Kubwa. Imevuka mbavu inakaribia kitovu. Nyeusi ya kijivu. Laini, kidole kiliingia kama kwenye ndizi iliyoiva ikapitiliza."

Akafungua daftari, akasema, "Hiyo ni homa ya mbu, na umenieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wa Ulaya. Kwa nini hukuwaeleza wao?"

Nilimwomba aje na mimi kwa Malafyale aseme yeye. Akakataa. "Nikienda mimi wataitikia kwa sababu ya askari wangu, nikiondoka watasema walichokuwa wanasema. Nenda wewe. Lakini kwanza tafuta ni nani anayejua alilala vipi." Aliyejua alikuwa mmoja tu, na nilishamfukuzisha.

Nilipanda mtumbwi Itungi nikiwa na mkungu wa ndizi, nikijidanganya kuwa nakwenda sokoni. Pale Lyulilo milima inashuka mpaka majini, na wanawake walikuwa wanafinyanga ufukweni huku mitumbwi inapakia vyungu. Nilimkuta Mama Subila amepiga magoti, anazunguka chungu chake kinyumenyume kama wafanyavyo, mkono mmoja ndani mwingine nje.

"Ugonile," nikamsalimu, yaani umelala salama.

"Nilale wapi?" akajibu bila kuinua uso. "Usingizi wenyewe mliniachia?"

Nikatua mkungu. Nikamuuliza kile nilichotumwa, Gwamaka alilala upande gani alipokufa. Mikono yake ikasimama.

"Kulia," akasema. "Nilimlaza mimi. Alikuwa anataka kuutazama mlango, anasema upepo unamfikia. Akakata roho hivyo. Nikamwacha hivyo mpaka mama yake alipofika asubuhi, maana nilikuwa peke yangu na mtoto na alikuwa mzito. Kwani vipi?"

Nilimweleza. Nilipomaliza nilingoja anitupie udongo usoni, na ningenyamaza. Yeye aliinuka akaenda kwenye vyungu vilivyokwisha kuchomwa, akaleta kimoja, akanigeuzia ubavu wake. Ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

"Hiki kililala hapa motoni," akasema. "Kila chungu kina upande kiliolalia. Mtoto wa kike wa kwetu akiwa na miaka sita anashika chungu anakuonyesha kililala vipi. Mlisimama wanaume wazima, mmezunguka mtu mmoja, hakuna aliyeniuliza! Mimi nilikuwa pale mlangoni. Mngeniuliza."

Nikasema, "Kweli."

"Mwanangu anakula?"

"Anakula."

"Anaambiwa nini juu yangu?"

Nilitaka kudanganya. Nikakumbuka lile daftari linavyofungwa. Nikasema, "Anaambiwa ulimla baba yake."

Alikaa chini. Alilia bila sauti, mabega tu yanatikisika, na wenzake wakaacha kazi wakaja kumzunguka. Mmoja akaniambia, "Wewe, ondoka hapa." Nilikuwa nimeshashika mtumbwi Mama Subila aliponiita. Alisema, "Usiwapelekee maneno. Mnunuzi wa chungu hanunui kwa maneno, anakigonga kwanza. Wape kitu wakigonge. Na usirudi hapa bila Subila."

Ndiyo maana nasema huyu ndiye aliyenifundisha zaidi. Daktari alinipa ukweli, yeye akanipa njia ya kuuonyesha. Njia nzima ya kurudi, kasia mkononi, nilikuwa napanga.

Nilikwenda kwa Malafyale na mbuzi wangu wawili, wote niliokuwa nao. Nikapiga magoti nikasema, "Malafyale, nilikosea juu ya Gwamaka, nataka kulionyesha kosa langu mbele ya watu." Nikaeleza: mbuzi hawa wazibwe pumzi bila kumwagwa damu. Mimi nipelekwe mbali. Wazee wamlaze kila mbuzi upande wanaoutaka wao. Jioni wafunguliwe, niletewe mapafu tu, na mimi nitasema kila mmoja alilala vipi.

Malafyale alikuwa mzee mjanja sana, jicho moja dogo kuliko jingine. "Na ukikosea?"

Mama wa Gwamaka alikuwepo, amempakata Subila. Alijibu yeye. "Akikosea atakuwa amelisemea uongo kaburi la mwanangu mara mbili. Aifuate njia ile ile aliyopita yule Mkisi."

"Umesikia?" akauliza Malafyale.

"Nimesikia," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya ndama.

Asubuhi yake nilikalishwa migombani kati ya watu wawili wa kunilinda. Wazee kadhaa walinung'unika kwamba nyama yenye damu ndani ni nyama iliyoharibiwa, na walikuwa na haki. Walinzi wangu walichoma ndizi wakala, wakanipa, nikaishika mkononi mpaka ikapoa. Jua lilipoinamia kwenye milima nikaitwa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Baba mkubwa Kipesile ndiye aliyefungua, kwa kupapasa, kwa sababu macho yalishakwisha. Aliniletea mapafu ya mbuzi wa kwanza kwenye jani la mgomba. Pafu la kulia la mbuzi lina vipande vingi kuliko la kushoto, kwa hiyo hata likiwa nje utalijua. La kushoto lilikuwa jeusi, la kulia safi. Nikasema, "La kushoto jeusi. Huyu alilala kushoto." Minong'ono ikapita. Malafyale akapunga mkono tuendelee.

Likaja jani la pili. Vijana, mapafu yote mawili yalikuwa meusi! Nikayageuza. Nikayarudisha. Kichwani nilikuwa nimejiandaa kwa kulia au kushoto, basi, jibu la tatu sikuwa nalo. Mama wa Gwamaka akasema, "Mbona kimya?" Nikafikiria kubahatisha, nusu kwa nusu. Ulimi ulikuwa umeshanyanyuka.

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema polepole, kama ninamsomea Daktari: "La kulia ni jeusi, limekolea nyuma. La kushoto ni jeusi pia, lakini hafifu, kama chai iliyotiwa maji. Hakuna upande ulio safi." Nikatazama tena. "Sioni mbuzi aliyelala upande mmoja. Naona mbuzi aliyelala kulia kwa muda mrefu, kisha akageuzwa kushoto. Mmemgeuza."

Malafyale akapiga kicheko, akapiga mapaja yake kwa viganja, akageukia wazee. "Niliwaambia, nikasema mgeuzeni huyu wa pili baada ya chakula cha mchana, tuone atasemaje! Aka! Ameona mpaka mkono uliogeuza!"

Watu wakapiga kelele. Mimi nilikaa chini. Malafyale akainua mkono. "Lakini aliyekanyagwa kweli atakuwaje?" Swali zuri. Yule mbuzi wa kwanza alipigwa fimbo ya paja mbele yangu wakati wa kukamatwa. Nikaomba paja na chungu cha maji. Nikakata pale penye weusi wa fimbo, nikamwambia Malafyale aoshe mwenyewe. Akaosha, akasugua kwa kidole gumba, haukutoka. Nikampa kipande cha pafu. Akakiminya majini, damu ikatoka, nyama ikarudi rangi yake. Akafanya tena. Akawaita watu mmoja mmoja wafanye, na kila mtu alitaka kuosha, mpaka maji yakabadilishwa mara tatu.

Baba mkubwa alikuwa wa mwisho. Aliomba kipande, akakiminya, akaniuliza mimi kwa sauti ndogo, "Damu imetoka?"

"Imetoka, tata," nikamjibu, yaani baba.

Alibaki ameshika kile kipande. Akasema, na safari hii wote walimsikia, "Mimi nimefungua watu tangu hamjazaliwa wengi wenu. Sikuuliza hata mara moja mtu alilala vipi." Nilimshika mkono nikamkalisha. Tangu siku hiyo, maana wengine mtauliza, hakuna maiti iliyofunguliwa upande wetu kabla mzee huyo hajauliza swali hilo kwanza, na aliwauliza wake na watumishi, wale ambao zamani tuliwaacha mlangoni. Alikufa miaka mingi baadaye. Wapo watu wanaoishi kwao leo kwa sababu ya swali lake, na wajukuu wao nawaona wanakuja kliniki.

Nilikuwa bado nimemshika baba mkubwa nilipomwona mama wa Gwamaka anasimama. Hakumtazama Malafyale, hakuomba ruhusa. Alimfunga Subila mgongoni, akakaza nguo, akaanza kutembea kuelekea ziwani. Mtu mmoja akamwita, "Bibi, kesho!" Hakugeuka. Mimi nikakimbia nyuma yake. Tulilala kwa ndugu zake Itungi, na kulipokucha nikashika kasia.

Mtumbwini Subila alitumbukiza vidole majini, bibi yake anamwambia acha, hasikii.

Mama Subila alikuwa pale pale, magotini, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alituona tangu mbali. Hakuinuka. Nadhani aliogopa kuinuka halafu ikawa siyo. Bibi alimfungua mtoto akamweka mchangani, akasema, "Ugonile, mwanangu," akajifunika uso kwa nguo.

Subila alisimama katikati yetu. Alimtazama mama yake kwa woga, akarudi hatua moja akashika nguo ya bibi. Mama yake aliona. Nyote mlio na watoto mnajua alichokiona. Alinyoosha mikono, akaikumbuka ina udongo, akairudisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe," akasema. "Yaseme hapa. Yote uliyoyaona. Mbele yake."

Sikuwa na aproni. Nilichuchumaa ili nilingane na mtoto, nikasema kama ninavyowafundisha ninyi, kimoja baada ya kimoja. Nikasema pafu la kulia la Gwamaka lilikuwa jeusi kwa sababu alilala kulia akitazama mlango. Nikasema bandama yake ilikuwa kubwa, imevuka mbavu, laini, na kwamba bandama ya namna hiyo huletwa na homa. Nikasema niliiona kwa macho yangu siku ile, nikaisukuma kando, sikusema. Nikamgeukia bibi nikasema, "Nisamehe, juba," yaani mama, kisha nikamgeukia Mama Subila, "Mama, nisamehe."

Mama Subila alimtazama binti yake.

"Umesikia, Subila? Baba yako alikufa kwa homa."

Subila alifikiri. Akaachia nguo ya bibi yake, akaenda, akachomeka kidole kwenye kile chungu kibichi, akasema na yeye anataka udongo.